Faili la Doto

Nimeshaitwa mwongo na watu wazima wenye ndevu zao, kwa hiyo na wewe ukitaka niite tu, sitakufa. Ila nisikilize kwanza mpaka mwisho. Hiki kitu sikuhadithiwa. Nilikiona mwenyewe, mchana kweupe, kwenye mlima wa kwenda Mwese, na wala sikuwa na homa.

Ilikuwa miaka ya tisini, ile ya mwishoni. Nilikuwa naendesha kompyuta kwenye mradi mmoja wa chanjo za watoto, ofisi yetu iko Majengo, Mpanda mjini. Usidhani ni kompyuta za siku hizi. Lilikuwa dude la kelele, tunalifunika kitambaa vumbi lisiingie. Kituo cha Mwese walikuwa nalo jingine, wanaliwashia jenereta. Kati yetu hakuna waya wala simu. Kila wiki mwenzangu wa kule, Gaudensi, alishuka na pikipiki, disketi kaifunga kwenye mfuko wa nailoni. Mimi naiingiza, programu inalinganisha watoto wa kule na wa huku. Kilichopungua upande mmoja inakirudisha kutoka upande wa pili. Kazi yake ilikuwa hiyo tu, pande mbili zifanane. Kila mtoto alikuwa na faili lake.

Sasa kulikuwa na pacha, Kulwa na Doto, wa familia ya wafugaji waliohamia kutoka kaskazini. Doto akafariki. Gaudensi akafuta faili lake kule Mwese, ndivyo tulivyoagizwa. Lakini kwangu lilikuwepo bado, na programu haijui msiba. Yenyewe ikaona kuna kitu kimepotea, ikakirudisha. Gaudensi akafuta tena, likarudi tena. Hapo hakuna uchawi, nataka unielewe. Ni kosa la kawaida kabisa, dawa yake unafuta pande zote mbili kwa mpigo.

Basi nikafuta, na kasheshe ikaanzia hapo. Kila nikiamuru Doto atoke, mashine inakwama kwenye faili la Kulwa. Halisomeki. Nikabadilisha disketi. Nikasafisha mdomo wa kusomea kwa pamba na spiriti. Nikatafuta virusi, nikakagua na saa ya mashine, maana saa ikikosea nayo huvuruga. Wapi! Watoto wote wanasomeka, Kulwa hasomeki. Nikighairi, nikimwacha Doto wa watu, Kulwa anasomeka safi. Utaniambia disketi mbovu? Disketi gani hiyo inaharibika kwa mtoto mmoja tu, tena ukimgusa pacha wake?

Mimi ni mbishi, sikatai. Nikasema nitapanda mwenyewe nikafute kulekule. Gaudensi akanipakia. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, na mlimani pikipiki ikazama kwenye tope. "Dada, we tangulia kwa miguu," akaniambia, "nitakukuta." Nikatangulia, viatu mkononi, ukungu umeshuka mpaka barabarani.

Mbele nikamkuta mwanamke kijana amekaa kando ya njia. Mgongoni ana mtoto, kambeba kwa kipande cha kitenge cha njano kilichokatwa ovyo, ukingo haukupindwa, nyuzi zinaning'inia. Nikamsalimia. Badala ya kuitikia akaniuliza:

"Wewe ndiye wa mashine?"

Nikasema ndiyo, ni mimi.

"Umekuja kuwafananisha wanangu?"

Nikacheka, kicheko cha woga, nikamuuliza wanao ni wepi. Akasema, "Mmoja ninaye hapa. Mwingine yuko kwa mama. Ukimtoa huyu huko kwenu, na mimi nitakwenda kumchukua yule." Wala hakuwa mkali. Alisema taratibu tu, kama mtu anayekuomba umpishe apite.

Ndipo nikaangalia miguu yake. Jamani, niamini ninachokwambia. Mimi tope lilikuwa limenifika magotini, yeye miguu ina vumbi. Vumbi kavu, jeupe, la kiangazi. Na yule mtoto mgongoni hakuwa anapumua. Nikageuka kumwita Gaudensi. Kutazama tena, hakuna mtu, na majani pale alipokaa yamesimama wima.

Sikumwambia Gaudensi kitu mpaka tumefika. Pale kituoni nikamkuta bibi mmoja amemleta mjukuu wake kwenye chanjo. Nilipoona alichombebea, nikasogea nikakishika ukingo. Kitenge kilekile cha njano, kimekatwa, nyuzi zinaning'inia.

"Shikamoo bibi. Huyu ni nani?"

"Marahaba. Huyu ni Kulwa."

Bibi huyo aliitwa Milembe. Akanieleza kwamba kitenge kile kilikuwa cha binti yake, alikikata vipande viwili, kila pacha na chake. Binti alikufa kiangazi kilichopita. Doto akamfuata muda si mrefu, wakamzika na kipande chake. Nami nikamweleza nilichokiona, chote. Hakushangaa hata kidogo.

"Mwanangu, kwetu pacha mmoja akitangulia hatumtoi," akasema. "Nikimpakulia Kulwa, na Doto ninamwekea kijiko chake. Msimtoe na nyie. Huyu ndiye niliyebakiwa naye."

Ungekuwa wewe ungefuta? Mimi nilirudi Mpanda bila kugusa kitu. Kila wiki mashine ikalalamika kwamba Doto hana chanjo mpya, nami nikaiambia iruke. Gaudensi akanicheka weee, eti dada anaogopa kompyuta. Kulwa akamaliza chanjo, akaanza kutembea. Bibi Milembe alikuwa ananitumia maharage ya Mwese na salamu: mwambieni yule wa mashine, Kulwa siku hizi anakimbiza kuku. Nilikuwa nafurahi mpaka nacheka peke yangu.

Halafu mkubwa wetu akaleta mtaalamu kutoka Dar, anataka kumbukumbu zisiwe na kosa hata moja. Mimi nilikuwa Tabora namuuguza mama. Kabla sijaondoka nilisema kwa mdomo wangu, faili la Doto msiliguse. Nani alijali? Niliposhuka kwenye treni nikaenda ofisini na begi langu, nikamkuta yule mtaalamu, kijana wa watu, anatabasamu.

"Dada, lile kosa lako nimelimaliza. Lilikuwa linakwama kwa pacha wake, nikalazimisha."

Kwenye kioo pameandikwa hakuna tofauti. Nililia palepale, na yeye akadhani ni furaha.

Mchana ule Gaudensi akafika, amelowa chapachapa. Akakaa chini sakafuni. Asubuhi alipopita kwa Bibi Milembe, Kulwa alikuwa anacheza uani, hana hata mafua. Katikati ya mlima akapishana na mwanamke anashuka.

"Mmoja mgongoni, mwingine kifuani," akasema. "Miguu ina vumbi, dada, na mvua yote hii. Yule wa kifuani alikuwa Kulwa. Aliniangalia."

Habari ilitufikia kesho yake. Homa ya ghafla, hata kituoni hawakuwahi.

Gaudensi hakupanda tena pikipiki. Yuko Mwamkulu, analima mpunga, ukimuuliza habari hizi anaondoka. Mimi niliacha kazi. Kabla sijaondoka, Bibi Milembe alishuka Majengo mara moja tu, akaomba aione hiyo mashine. Akaiwekea kiganja. Kisha akaniuliza, "Aliyefuta, alikuwa anamjua Kulwa?" Mpaka leo nikikumbuka sura yake silali.

Siku hizi mna simu, inakuuliza ifute kila mahali, nawe unabonyeza huku unatafuna karanga. Wajukuu wangu wananicheka, maana yangu imejaa picha za waliokufa na siitoi hata moja. Wacheke. Wewe niliyekwambia, ikikuuliza hivyo, usibonyeze kabla hujajua ni mtoto wa nani.