Kimea cha Oveni

Mama mkwe wangu, Umulisa, alishuka kwetu Kanombe wiki mbili kabla ya posa ya binti yangu Kaliza, na gunia la mtama mwekundu, utadhani Kigali haina maduka. Mume wangu, Arthur, alikuwa ameshaagiza kreti za bia na soda. Mama akasema wazee wa pande zote mbili watakunywa ikigage yake, pombe ya mtama, kwa mirija kutoka chungu kimoja, kama ilivyokuwa kwenye posa za watoto wake wote. Bila chungu hicho, yeye haji. Na hakuwa anatania.

Basi nikawa mtumwa nyumbani kwangu. Mtama lazima uvurugwe na majivu ya kuni unapolowekwa, la sivyo pombe itakwaruza koo. Sisi tunapika kwa gesi.

"Jiko gani hii haina hata majivu?" akafoka Mama. Alikulia Karagwe, Tanzania, na hasira zake hutoka kwa Kiswahili.

Nikapita mlango kwa mlango na ndoo, mimi muuguzi mkuu wa wodi, nikiomba majivu. Chumba cha wageni tukakitandika majani ya migomba, mtama ukalala humo siku tatu ukinyunyiziwa maji mpaka ukatoa vijimizizi vyeupe. Kila nilichogusa nilikosea.

"Yewe Shallon, usifunue! Shallon, mikono yako iko na sabuni!"

Kilichobaki kilikuwa jua tu. Kimea huanikwa mpaka kikauke, ndipo kinasagwa. Lakini ilikuwa Aprili, na mvua haikutupa nafasi. Siku ya pili kimea kikaanza kutoa harufu ya uvundo. Jioni nikarudi kutoka kazini, nikakuta kimekauka, kina rangi nzuri ya kahawia, nyumba nzima inanukia.

"Jua ilitoka kidogo," alisema bila kunitazama.

Oveni yangu ilikuwa bado ya moto.

Jumatano asubuhi tukapika uji, tukauacha upoe kiasi, akachanganya unga wa kimea. Baada ya saa chache uji unapaswa kulainika na kuwa mtamu. Wetu ulibaki mzito vilevile. Akaonja, akakoroga, akaonja tena. Nikamhurumia. Kisha akamgeukia Arthur.

"Mke wako ameunguza kimea yangu."

Nusura nimwage sufuria. Joto la oveni ndilo lililokiua kile kimea, na aliyeiwasha si mimi! Lakini muda wa kuotesha mtama mwingine haukuwepo, na nilimjua: angebaki chumbani siku ya posa, mlango umefungwa. Kaliza alikuwa ameshaanza kulia.

Nikapanda pikipiki mpaka Rwezamenyo kwa mama mmoja, Nyirarukundo, anayepika pombe hiyo kwa kuuza. Nikarudi na bakuli la unga wa kimea kilichoanikwa juani kabla ya mvua kuanza. Nikaupasha uji moto kidogo, nikaumwaga unga ndani mbele ya Mama. Kufikia jioni uji ulikuwa umelainika, mtamu kama asali, tukautia chachu.

Jumamosi wazee wakainamia mirija. Mzee Ndihokubwayo, msemaji wa upande wa bwana harusi, akainua kichwa.

"Mukecuru, bibi yetu, hii pombe iko nzuri sana! Siri yako ni nini?"

"Jua na uvumilivu," akajibu Mama. "Na ilikuwa karibu kuharibika. Huyu mkamwana wangu aliingiza kimea kwenye oveni. Bahati yake nilikuwepo."

Watu wakacheka. Hata Arthur akacheka. Mama akanisogezea mrija wake mwenyewe, nikavuta nikiwa nimekunja uso. Ilikuwa tamu kweli, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.