Kichupa Kilichozikwa Migombani

Mama mkwe wangu, Lukresia, ni mkunga wa jadi hapa Butiama, na ubishi wake hauna dawa. Alikuwa anapepeta mtama, kapi likamwingia jichoni, akakamulia majani anayoyajua mwenyewe. Nikamwambia twende hospitali, akasema jicho ni lake. Haya. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu asiyesikia la mkwe je?

Tulipofika Musoma kwa daktari wa macho, kioo cha jicho kilishakuwa na kidonda cheupe. Matone tuliyopewa hayakusaidia, kila tukirudi kidonda ni kilekile. Daktari Eunice akatuambia wazi kwamba jicho linapotea, ila ipo dawa nyingine ya matone ya kujaribu. Hutengenezwa kwa ule utando unaomzunguka mtoto tumboni. Akina mama wanaojifungua kwa upasuaji huutoa kwa hiari, ukapimwa na kusafishwa.

Mama mkwe akasimama, akaniambia: "Nyangi, turudi nyumbani."

Kwetu, kondo la nyuma na utando wake huzikwa migombani, nyumbani kwa mtoto, ndipo anakuwa wa hapo. Na mzikaji alikuwaga yeye, hata kwa wanangu.

"Kitu cha kuzikwa, nikiweke jichoni?" akaniuliza.

Nilikuwa nimechoka naye, nisiseme uongo. "Na jicho lako, mama, tutalizika wapi?"

Akakaa. Akamgeukia daktari. "Huyo mtoto alitoka mzima?"

"Mzima, mama. Na mama yake alikubali mwenyewe."

"Basi weka."

Tukarudi nyumbani na dawa. Nikawa namtia mchana na usiku, naamka hata nikiwa na homa. Kidonda kikajifunga polepole. Limebaki kovu dogo, lakini anaona.

Dawa ilipoisha nikataka kukitupa kichupa. Akaninyang'anya, akachukua jembe, akachimba mwenyewe migombani, kando ya pale alipozika kondo la Wanzagi, kitinda mimba wangu.

"Sasa huyo mtoto unamzikia nini, mama? Hata kwao hatukujui."

"Ndiyo maana. Kama kwao hawakumzikia, basi awe wa hapa."

Akafukia, akajifuta mikono, akaniangalia kwa jicho lilelile. "Umekonda, Nyangi. Hukulala kwa ajili yangu."

Miaka yote niliyoolewa hapa hajawahi kunishukuru. Nililia palepale, wala sikujificha.