Mtani na Somo la Mzee

Siku niliyoripoti chuoni, mtu wa kwanza kunipokea alininyang'anya mwavuli. Nilikuwa nimeshuka garimoshi Shinyanga asubuhi ile, nikadandia lori la pamba lililokuwa likirudi vijijini tupu, nikateremka mbele ya majengo ya chuo na sanduku langu la bati. Mzee mmoja mnene, amevaa koti na tai kwenye jua kali namna ile, akanijia na kuniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia Ugogo. Uso wake ukachanua. Akauchomoa mwavuli kwapani mwangu, akaufungua, akaanza kuondoka nao taratibu.

"Babu zako waliwanyima babu zangu maji njiani," alisema bila kugeuka. "Leo nami nakunyima kivuli."

Nilicheka mpaka sanduku likanidondoka. Kwetu nilikuwa nikisikia habari za utani huu toka utotoni. Wasukuma na ndugu zao Wanyamwezi walipita Ugogo na mizigo wakielekea pwani, na pale visimani wazee wetu waliwatoza hiki na kile kabla hawajawaruhusu kunywa. Wakagombana, wakapigana, wakachoka kupigana, wakaishia kuwa watani. Mtani akikutukana unacheka. Akichukua kitu chako huna pa kumshtaki. Lakini sikuwahi kuishi na mtani karibu, na nilikuja Usukumani nikiwa na hamu ya kujua mambo haya yanaendaje hasa, maana mimi ni mtu wa kuuliza uliza, na nina ulimi usiotulia.

Chuo chetu kilikuwa cha ualimu. Miaka ile ya hamsini mwanzoni, chuo kikuu tulikisikia tu kuwa kipo Uganda. Kwetu sisi elimu ya juu ilikuwa ile pale: vyumba vya bati, vijana waliomaliza shule wakijifunza kuwa walimu, na sisi wakufunzi tukiwafundisha kufundisha. Wakufunzi tulikuwa wachache, na wote, isipokuwa mimi, walikuwa wamefundishwa na yule mzee wa mwavuli, naye akiwa mkufunzi palepale. Mmoja wao alikuwa amemwoa binti wa mzee huyo.

Mzee mwenyewe cheti chake kilikuwa cha zamani, cha enzi ambazo aliyejua kusoma alikuwa tayari mwalimu. Mwandiko wake ubaoni ulikuwa mzuri kupita wa mtu yeyote niliyemjua, naye alijua hivyo, akawa anarudi nyuma hatua kadhaa kuutazama. Basi ikaja amri kutoka juu: wakufunzi wote tungepata mafunzo ya kujiendeleza, na mkufunzi wa Kizungu angekuja kutuendesha. Wenye vyeti vya zamani wangetazamwa kwa makini zaidi. Asiyefaa angerudishwa kufundisha watoto wa madarasa ya chini kule upande wa Geita, karibu na machimbo ya dhahabu, ambako kila mwalimu aliyepelekwa aliacha chaki akawa karani wa mgodi. Hakuna aliyemtaja mzee. Sote tulijua ni yeye anayesemwa, na yeye alijua kuliko sisi. Nyumba yake, ng'ombe wake, wajukuu wake, vyote vilikuwa huku karibu na chuo, upande wa Didia.

Mgeni alifika. Alikuwa mrefu, mwembamba, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko chetu sote, alikuwa amejifunza vitabuni. Njia yake ilikuwa hii: mmoja wetu anafundisha watoto wa shule ya jirani, wengine tunakaa nyuma ya darasa tukitazama. Watoto wakishaondoka, tunakaa duara na kila mtu anasema kasoro alizoziona.

"Sitaki sifa," alisema. "Nataka msaidiane."

Mimi niliipenda njia hiyo mara moja. Wenzangu walitazamana.

Zamu ya kwanza ilikuwa ya mzee. Alifundisha habari za udongo na mvua, na alianza kwa sauti ya kupendeza kweli. "Watoto, mto wakati wa masika una rangi gani? Mwekundu. Kwa nini mwekundu? Kwa sababu ya udongo. Udongo umetoka wapi? Umetoka mashambani." Akaendelea hivyo mpaka kengele. Kila alipouliza, nilikuwa naona vinywa vya watoto vikifunguka, kisha vikifungwa tena.

Watoto wakatoka. Tukakaa duara. Mgeni akauliza kasoro.

Wa kwanza akasema somo lilikuwa zuri sana. Wa pili akasema mwandiko ulikuwa mzuri sana. Wa tatu akasema anakubaliana na wenzake. Ilipofika zamu ya mkwe wa mzee, ambaye muda wote alikuwa amegeuzia uso dirishani, maana Msukuma hamkodolei macho baba mkwe, sembuse kumtaja makosa, alijikohoza akasema:

"Mimi, Bwana, nilikuwa nje."

"Ulikuwa umekaa karibu yangu!" mgeni alisema.

"Ndiyo, Bwana. Lakini nilikuwa nje."

Mgeni akashika kichwa. Aliuliza tena, akabembeleza, akafoka kidogo. Wakufunzi wale walikuwa watoto wa mzee, kama si kwa damu basi kwa chaki. Angewaomba wapande juu ya paa wangepanda, lakini si kumwambia mzee wao kwamba amekosea, mbele ya mgeni, siku ambayo ugali wake ulikuwa unaamuliwa. Mgeni akasema kwa uchungu kwamba kama hakuna anayeweza kuona kasoro, basi wote tumeshindwa, na mzee ndiye wa kwanza.

Hapo nikaona mwanya. Nikasimama.

"Bwana, mimi nawajua Wasukuma kwa kula," nilisema. "Msukuma humkaribisha mgeni, 'Karibu ugali!' Mgeni anakwenda kunawa, akirudi anakuta sahani tupu. Huyu mzee ndivyo alivyofanya leo. Amewapakulia watoto swali, akalila mwenyewe. Akapakua la pili, akala. Ametoka hapa kashiba, tazameni tumbo lile! Watoto wamerudi kwao na njaa."

Chumba kililipuka kwa kicheko. Hata mkwe alicheka, akiwa bado anatazama dirisha. Mzee akasimama, akafunga kifungo cha koti juu ya lile tumbo.

"Afadhali mimi nina cha kupakua," alisema. "Kwao Mgogo hata maswali hayaoti. Mvua haba."

Kicheko kikazidi. Ndipo mgeni alipopiga meza kwa kiganja, uso umemwiva. Akasema hajapata kuona mtu akimtukana mkubwa wake namna ile, na hajapata kuona mkubwa akikubali kutukanwa. Mtu asiyeweza kulinda heshima yake mbele ya vijana, alisema, atawezaje kulea walimu? Mimi nilitakiwa kuomba radhi papo hapo.

Nilikuwa nimetaka kumwokoa mzee, kumbe nimemchimbia shimo.

Mzee ndiye aliyeeleza. Alimweleza mgeni habari za misafara na visima, taratibu, kama anayefundisha darasa la kwanza. Mgeni akasikiliza, na hasira ikaanza kumtoka, udadisi ukaingia. Aliuliza: Je, mtani anaweza kusema lolote? Lolote. Na hakuna anayekasirika? Akikasirika amejiaibisha. Je, Wagogo na Wasukuma peke yao? Hapana, wako wengi, na babu na mjukuu pia. Nilimpenda mtu yule kwa maswali yake. Lakini swali la mwisho alilileta kwangu, na lilikuwa kali.

"Basi niambie wewe. Uliyosema yalikuwa kweli au yalikuwa utani? Kama ni kweli, somo lake limeanguka. Kama ni utani, hakuna aliyekosoa, na mafunzo haya hayana maana."

Wote wakanitazama, isipokuwa mkwe. Nilimtazama mzee. Alikuwa akitazama ubao, mwandiko wake.

"Utani, Bwana," nilisema, na nikaona haya.

Mzee akageuka. "Bwana," alisema, "naomba nifundishe tena kesho."

Jioni ile nilikwenda nyumbani kwake. Nilimwamkia mke wake, "Shikamoo, mama," akanijibu marahaba na kuniwekea michembe, vile vipande vikavu vya viazi vitamu ambavyo Wasukuma hutafuna mchana kutwa, pamoja na karanga. Mzee alikuwa amevua koti. Bila koti alionekana mdogo. Nilianza kusema maneno niliyokuwa nimeyapanga njiani, kwamba nilikosa, kwamba anisamehe. Akainua mkono kunizuia.

"Ukiniomba radhi umenimaliza," alisema. "Itakuwa ulikuwa unasema kweli."

"Lakini mzee, nilikuwa nasema kweli."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia usiombe."

Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitegemea kwa mtu mwenye sauti kubwa vile. Alisema darasa likinyamaza huwa anaogopa. Alianza kuogopa tangu ujana wake, mkaguzi alipokuja, akauliza watoto swali, watoto wakakaa kimya, na mkaguzi akamtazama yeye. Toka siku ile hakumwachia mtoto nafasi ya kunyamaza. Alijibu kabla kimya hakijaingia.

Nilimwonea huruma, nikakosa pa kuiweka. "Basi kesho kaa na njaa kidogo," nilimwambia. "Sisi Wagogo tunaishi nayo."

"Toka kwangu," alisema akicheka. "Na michembe uiache."

Kesho yake watoto walewale waliingia. Mzee alichagua jambo jingine la udongo: lambo la kijiji, bwawa la kunyweshea mifugo, ambalo serikali ililichimba likiwa na kina cha kumzamisha mtu, na sasa ng'ombe wanavuka na maji hayafiki magotini. Alieleza hivyo, akaandika neno moja ubaoni, LAMBO, na safari hii hakurudi nyuma kulitazama.

"Kina cha lambo kimekwenda wapi?" aliuliza.

Akanyamaza.

Sijawahi kuwa mahali penye kimya kama kile. Kunguru walikuwa wakitembea juu ya bati na kila ukucha tuliusikia. Mtoto mmoja alijikuna. Jasho lilianza kumtoka mzee kwenye shingo, likaingia kwenye kola. Mimi niliyemshauri anyamaze nilitamani kupiga kelele nitoe jibu. Mkwe alikuwa ameacha dirisha, anamtazama baba mkwe wake usoni, amesahau mila zote.

Aliyeshindwa kwanza ni mgeni. "Watoto," alianza, kwa upole, "fikirini mvua inaponyesha..."

Mzee akainua kiganja kumzuia. Hata kumtazama hakumtazama. Mtu aliyeshika hatima yake mkononi alikuwa anasema, na yeye alimnyamazisha kama mtoto wa mstari wa nyuma. Nikajua kazi yake imekwisha. Mgeni akafunga mdomo.

Kisha msichana mmoja, karibu na mlango, akasema kwa sauti ndogo, "Shamba la mama limo humo."

"Limo wapi?"

"Ndani ya lambo. Mvua ilikuja nalo."

Mwingine akadakia kwamba na la babu yake pia limo. Mwingine akakataa, la kwao liko mlima wa upande mwingine, litakuwa limeingia mtoni. Wakaanza kubishana, Kiswahili kikawashinda wakahamia Kisukuma, wakasimama kwenye madawati wakionyeshana kwa mikono shamba la nani limeteremkia wapi. Mzee aliweka chaki chini. Hakusema neno mpaka kengele.

Kwenye duara siku ile watu walizungumza. Si sana, lakini walizungumza. Mmoja alisema watoto wa nyuma hawakusikika. Mwingine alisema ubishi ungegawanywa kwa vikundi. Mkwe alimwambia dirisha kwamba leo alikuwa ndani. Mgeni akawa anaitikia kwa kichwa kwa furaha, na mwisho akanigeukia.

"Na mtani?"

Wote wakajiweka tayari kucheka. Nilisimama na maneno yalikuwapo, ulimi wangu haukosi maneno. Lakini nilikumbuka lile jasho likiingia kwenye kola. Nikasema sina la kusema, Bwana, nimejifunza. Nikakaa.

Mgeni akatangaza hapohapo kwamba mzee abaki chuoni, na kwamba atapenda wakufunzi wengine wamtazame akifundisha. Tulipiga makofi, mkwe akapiga kuliko wote. Mzee alishukuru kwa kuinamisha kichwa. Hakutabasamu, na nikashangaa.

Tulipotoka aliniita tufuatane. Tulipita uwanja wa mpira, mimi nikidhani amechoka. Tulipofika kwenye uzio wa katani akasimama.

"Mle ndani kwa nini ulinyamaza?"

"Sikuona kasoro, mzee."

"Usinidanganye, wewe si mkwe wangu." Hakuwa anatania, nilikuwa sijawahi kumsikia akisema nami bila kutania, na niliogopa. "Wale wote ni wanafunzi wangu na ndugu zangu. Wataniheshimu mpaka nife sijui kitu. Nawe ukianza kuniheshimu, nani ataniambia?"

Nilimtazama mtu yule, ambaye muda mfupi tu uliopita alikuwa ameokoa kazi yake, na nikaona kwamba alikuwa anaomba.

Basi nikamwambia kwamba yule msichana wa mlangoni aliposema shamba la mama yake limo lamboni, yeye mzee alichangamkia jibu na hakumwuliza mama yake sasa analima wapi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akageuka, akaenda kwa haraka kuelekea ile shule ya jirani kumwuliza yule msichana kabla watoto hawajatawanyika, tumbo lote lile likimtangulia.