Mwili wa Nikolaus

Shemeji yangu Nikolaus, mpima korosho wa chama cha ushirika pale Kisarawe, alikuwa mnene kweli kweli. Tulikuwa tumetoka kwenye njaa ya sabini na nne, tumekula unga wa njano mpaka tukauchoka, kwa hiyo mwanamume mwenye kitambi alimpa mkewe sifa. Mkewe ni dada yangu, Genoveva.

Nikolaus alipoanza kubanwa kifua, walikwenda zahanati. Mganga Wilfred hakuzungukazunguka.

"Moyo umechoka kuubeba mwili huu. Siku ukisimama itabidi niubonyeze juu ya kifua, na kwa unene huu sijui kama nitaufikia. Punguza, ndugu."

Dada akaondoa nazi na samli jikoni. Nikolaus alinung'unika, lakini masika yalipokwisha alikuwa anapanda kilima cha sokoni bila kupumzika, na mashati yanampwaya. Dada alikuwa na furaha ambayo sijaiona tena kwake.

Ndipo mama mkwe, Petronila, akaja kutoka Vihingo.

"Shikamoo, mama."

"Mwanangu anaumwa nini?" Hata marahaba hakuitoa.

"Haumwi, mama. Mganga kasema apungue."

"Apungue? Nimekupa mtu mzima, wewe unanirudishia mifupa. Unamnyima chakula, au una lako jambo?"

Maneno yakafika parokiani. Dada akipita baada ya misa, wanawake walinyamaza. Wengine walisema anamlisha dawa, wengine kwamba ana bwana Kibaha. Watu wale hawakuwa na haya hata kidogo, na bado nikiwakumbuka damu inanichemka.

Nikolaus mwenyewe ndiye aliyeshindwa. "Pika kama zamani, mke wangu," alimwambia. "Siwezi kukuona unalia kila Jumapili." Dada akakuna nazi.

Msimu wa korosho uliofuata Nikolaus alikuwa amerudia mwili wake wote. Akaanguka kando ya mizani. Wilfred alikuja mbio, akabonyeza kifua kwa uzito wake wote, akachoka, wakampokea vijana wawili kwa zamu. Moyo haukurudi.

Msibani Petronila alimkumbatia dada mbele ya watu.

"Ahsante, mwanangu. Umemtunza. Amekwenda na afya yake."

Wanawake wote wakaitikia kwamba ni kweli.

Dada alisema, "Ahsante, mama." Akaingia chumbani. Nilimfuata, nikafunga mlango, nikamshikia kanga mdomoni ili alie wasimsikie.