Gunia la Lini?

Ipo siku moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na huja yenyewe nikiwa nimekaa kimya hapa barazani, upepo wa ziwa ukinipiga usoni. Najiona chini ya daraja. Mwanga wa maji unacheza kwenye zege juu ya kichwa changu, mbayuwayu wanaingia na kutoka kwenye viota vyao, na karibu yangu nyundo inagonga polepole. Ngo, ngo, ngo. Halafu, pu. Ikifika hiyo pu huwa nashtuka, nakuta chai imepoa.

Jana uliniambia ofisini kwenu wamekupa kazi ya kuandika upya mwongozo wa kukagua madaraja na kupima uzito yanaoweza kubeba, na kwamba kwa maoni yako ni kubadilisha tu mwaka kwenye jalada. Nilicheka, ukadhani nimefurahi. Sasa vuta kiti.

Nilikuwa msichana mwembamba, usinitazame hivyo, nilikuwa mwembamba kweli, na ndiyo kwanza nimetoka chuoni. Mkubwa wangu wa kazi alikuwa Mzee Magesa, mhandisi, mtu wa Bunda, mpole wa sauti na mgumu wa kuridhika. Yeye ndiye aliyenifundisha kusikiliza. Zege zima ukiligonga hulia. Lililoachana ndani huguna tu, pu, na mguno huo ukishausikia haukutoki moyoni.

Siku hiyo tulikuwa kwenye daraja moja si mbali na Kiabakari, kwenye barabara inayotoka upande wa Butiama kwenda kukutana na barabara kuu ya Mwanza na Musoma. Lilijengwa kabla sijazaliwa. Pembeni yake kilisimama kibao kilichopauka: mwisho tani kumi. Chini, kwenye boriti ya katikati, tulikuta ufa wa kuingia ukucha.

Tulikuwa bado tunautazama tuliposikia honi, na honi ile naijua. Ni lori la mjomba wangu, limejaa mahindi ya soko la Musoma. Juu ya magunia, kanga imefungwa kichwani, amekaa mama yangu mzazi, kwa sababu sehemu ya mahindi yale ilikuwa yake na ndiyo iliyokuwa inawasomesha wadogo zangu. Nilifurahi kumwona. Mzee Magesa akapanda barabarani akanyoosha mkono, lori likasimama.

"Shikamoo mzee," mjomba akasema. "Kuna nini? Sisi tunapitaga hapa kila msimu."

"Marahaba. Umebeba kiasi gani?"

"Gunia zile zile za siku zote." Akataja idadi.

Nikapiga hesabu kichwani kama tunavyopiga wote kwetu: gunia kumi, tani moja. Mtoto wa kwetu huijua hesabu hiyo kabla hajajua kusoma. Nikasema kwa sauti, nikitaka na mama asikie kwamba binti yake sasa ni mtaalamu, "Mzee, hata ukijumlisha na lori lenyewe hawazidi kibao. Wapite tu."

Mzee Magesa aliyatazama magunia. Alivua kofia, akajifuta jasho.

"Gunia la lini, binti?"

Sikumwelewa.

"Unahesabu gunia la lini? Lile la babu yako, lililoshonwa mdomo likaisha? Au haya?"

Nikainua macho. Mwanangu, nilikuwa nimeyaona magunia yale maisha yangu yote na sikuwa nimeyatazama. Yote yalikuwa lumbesa. Mdomo umeachwa wazi, juu yake mahindi yamejazwa tena mpaka yakafanya kichuguu, kisha kamba imesukwa kama wavu kukizuia kisimwagike. Wanunuzi wa mjini walidai hivyo, wakulima wakakubali, kila msimu kichuguu kikapanda kidogo. Jina lilibaki gunia, na hesabu yetu ikabaki ileile.

"Haya yamevaa kilemba, baba," mama akasema kutoka juu. "Yanaenda harusini."

Mzee alicheka, kisha akanigeukia bila kupaza sauti. "Kibao hiki kiliandikwa daraja likiwa jipya na gunia likiwa gunia. Daraja limezeeka, gunia limenenepa, na wewe unamvusha mama yako kwa kibao." Nilisikia aibu mpaka masikio yakawa ya moto.

Wakashusha nusu ya mzigo, mjomba akinung'unika maneno ya Kizanaki nisiyoweza kuyarudia hapa. Mama akashuka, akavuka kwa miguu. Mimi na mzee tukasimama kando ya mto, macho kwenye boriti, na lori likaingia darajani taratibu.

Lilipofika katikati, ufa ukafunguka. Si sana. Ulifunguka kama mdomo wa mtu anayetaka kusema neno kisha akaghairi. Vumbi la zege likadondoka majini, mbayuwayu wakatoka wote kwa pamoja. Lori likapita, ufa ukajifunga, na mwanga wa maji ukarudi kucheza palepale. Hiyo ilikuwa nusu ya mzigo. Niliketi kwenye majani. Ng'ambo alisimama mama, anajifunga kanga upya, ananiuliza kwa ishara ya mkono kama nimekula.

Magunia yaliyobaki yalivushwa kwa mkokoteni wa ng'ombe. Kibao kilibadilishwa siku hiyohiyo, na baadaye malori yakazuiwa kabisa mpaka daraja jipya lilipojengwa. Tulilaumiwa sana. Ajali ambayo haikutokea haina anayeishukuru, na mjomba alininunia mpaka mvua zikaanza.

Basi, mwanangu, usibadilishe mwaka kwenye jalada. Kila namba utakayoikuta kwenye mwongozo ule, iulize: ya lini? Lori la lini, zege la lini, mto wa lini, maana hata mito yetu haifuriki tena kama zamani. Mtu akikwambia wanapitaga kila msimu, jua kwamba misimu hiyo yote daraja limeibeba, nalo limechoka. Shuka chini uguse, ugonge, usikilize. Na ukilazimika kupunguza tani, nenda mwenyewe ukawaambie watu, uwatafutie na pa kupita, kwa sababu mahindi yale ndiyo maisha yao. Halafu kubali kwamba na unachoandika wewe kitazeeka, uwaachie wenzako ruhusa ya kukiuliza.

Mungu akupe sikio jepesi na moyo usioogopa kununiwa. Akujalie kila mama aliyekaa juu ya mzigo wake afike ng'ambo, ageuke, akuulize kama umekula.