Wavu wa Mama Mkwe Kwenye Ghuba

Mimi hakuna kitu kinaweza kunishangaza. Niliacha shule darasa la tatu, nikabeba mchanga Kyumbi, nikauza mbuzi pamoja na Wasomali wa mjini, halafu nikanunua mashua yangu bila mkopo. Kwa hivyo samaki walipoanza kuisha kwenye bwawa la Masinga, na afisa wa uvuvi akatuambia tuchague mwenyekiti wa mwalo wetu, pale tunaposhushia samaki, watu hawakutafuta mbali.

Niliunyoosha ule mwalo. Bila leseni, mashua yako haigusi maji. Ukiwa na leseni, kreti moja kwa siku, na kinachozidi kinapelekwa shule ya msingi wapikiwe watoto. Matundu ya wavu lazima vidole vyangu vitatu vipite, na vidole vyangu sio vya karani. Na ile ghuba ya matete, samaki wanakotagia, hakuna kutega msimu wa mvua. Ukipatikana, wavu unachomwa watu wakiona. Wengine walicheka. Nikachoma nyavu mbili, kicheko kikaisha, na tilapia wakaanza kuja wapana kama sahani.

Asubuhi moja ya mvua walinzi wetu wakavuta wavu kutoka ghubani. Mpya kabisa, na matundu hata kidole kimoja kinabishana nayo.

"Ni wa nani?"

Mzee mmoja akakohoa. "Mwenyekiti, huu unatoka kule ulikooa."

Mama mkwe wangu alikuwa mjane, ameandika vijana wawili wamvulie. Na sisi Wakamba, kwa heshima tunayoita nthoni, mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni wala hawaongei moja kwa moja. Akaja, akanipa mgongo, akaelekea mizani ya samaki.

"Wewe mizani, mwambie mwenyekiti huo wavu ndio unanilisha."

Nikatazama maji. "Mizani, mwambie mama ile ghuba inalisha mwalo mzima."

"Mwambie alipokuja kuomba msichana wangu hakuwa na sheria nyingi hivi."

Mwalo mzima ulicheka, na mimi pia kidogo. Lakini nilijua wavu huo ukirudi nyumbani, kufika jioni kila mtu atakuwa na shangazi mwenye wavu kwenye matete, na kazi yangu yote imeenda. Nikauchoma kwa mkono wangu.

Wazee wa ukoo wakasema nimemvunjia mama heshima, nipeleke mbuzi. Nikapeleka, mnono. Nikaongeza wavu mpya wa vidole vitatu, na leseni yake juu. Tangu siku hiyo hakuna aliyetega ghubani, na yeye hujaza kreti yake mapema kuliko wanaume wengi. Watu wa mialo mingine walikuja kuniuliza nimefanyaje.

Mbuzi elfu mbili, wavu elfu tatu na mia tano, leseni mia tatu. Kuilinda ile ghuba kulinigharimu shilingi elfu tano na mia nane.