Marahaba Niliyoitikia Juu ya Farasi

Hadi leo, harufu ya ngozi iliyolowa jasho ikichanganyika na moshi hunitia haya usoni.

Baba yangu alikuwa saisi, mtunza farasi wa meneja wa shamba la mkonge upande wa Kisarawe, enzi za Mwingereza. Bandani hapakukosa moshi, maana mbung'o wa kwetu hawakujali cheo cha mwenye farasi. Farasi alitembezwa asubuhi mapema, kabla mbung'o hawajachangamka. Meneja akisafiri, baba alinipandisha mimi. Nilikuwa mwoga, jamani; kuku akipiga mbawa tu, nimeshakumbatia shingo ya farasi. Nilizungushwa uani hadi nikachoka kuchekwa. Baba alisema uani mtu hujifunza kuzunguka tu, ujasiri uko njiani.

Siku moja akaniruhusu kwenda peke yangu mpaka kijitoni. Nikirudi nimepanda, nitakwenda tena. Nikirudi kwa miguu nikimvuta farasi, ni uani. Akaniusia kwamba nikikutana na mtu mzima nishuke ndipo niamkie, kwani mkubwa haamkiwi kutoka juu. Nikakubali haraka. Sikumwambia kwamba bila kile kigogo cha uani nilichokanyagia kupanda, nisingeweza kupanda tena.

Nikatoka na kofia kuukuu ya meneja, imenifunika hadi nyusi. Wakati wa kurudi, jua likiwa mgongoni, nikamwona bibi, mama yake baba, anakuja kutoka Kibuta na kikapu cha mihogo kichwani. Tangu nizaliwe aliniita mume wangu. Nikishuka, nimeshindwa, nisiposhuka, sina adabu. Kabla sijaamua, bibi akapisha majanini, akatua kikapu, akainama.

“Shikamoo, bwana.”

Nikadhani jua limemwingia machoni, hanijui. Nikakaza sauti.

“Marahaba.”

Nikapita.

Baba alinisifu mpaka jirani wakasikia. Bibi alipofika nikamkimbilia na shikamoo yangu. Akaitikia, akanimenyea muhogo, akasimulia kuwa amepishana na Mzungu mfupi mwenye adabu. Wakacheka wote, nami nikacheka kuwashinda. Nikawa naenda njiani kila mara, na kweli woga ukaniisha.

Juzi nilimkuta mjukuu wangu juu ya baiskeli yake mpya, amevimba kichwa. Nikamwinamia kwa mzaha, “Shikamoo, bosi.” Akaruka chini akicheka, akanishika mkono, na baiskeli ikaanguka huko. Ndipo nikamkumbuka bibi pale njiani.

Bibi yangu alichambua mchele magharibi bila taa, hakupitwa na chuya. Angeshindwaje kunijua mimi, mumewe? Alikuwa akinitania, kama bibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu, akingoja nicheke, nishuke, nimpokee mzigo. Kama ningeshuka, nadhani yeye mwenyewe angenisukuma nipande tena. Naona aibu hata ninapowaambieni. Bibi aliinama kunichokoza, nami nikamwacha ameinama.